Mwalimu wa Roho na Kabati la Faili

Wiki ile sikuwa na utulivu. Nakaa, nasimama, chai inapoa mbele yangu.

Kwenye kompyuta ya ofisini kwetu, Mji Mkongwe, niliona tangazo la mwalimu wa roho wa Ulaya, anayefundisha kwa mtandao. Ada yake mishahara yangu minne. Nikajaza fomu ya kuulizia tu. Penye jina nikaandika Zaituni binti Mwanaidi, kwa jina la mama, maana ndivyo tunavyojitaja tukienda kwa mganga kutazamiwa. Kisha nikasahau.

Siku ya tano ikaja barua pepe: "Zaituni binti Mwanaidi, jana nimeiona roho yako inalia."

Mzungu huyu kamjuaje mama yangu? Nikazifunga kwenye leso bangili za dhahabu alizoniachia marehemu, nikawaambia wenzangu nnakwenda kuziuza.

"Subiri kwanza, mwanangu," alisema Bi Rukia, mkubwa wetu wa masjala. Akaketi kwenye kompyuta yangu, akajaza fomu nyengine bila kunionesha.

Siku tano nilizunguka na leso ile. Nafika mlangoni kwa sonara, narudi. Nalala nayo, naamka nayo.

Kisha Bi Rukia akaniita.

"Naam," nikaitika.

Ofisi nzima ilikuwa imeizunguka kompyuta. Bi Rukia akasoma taratibu, uso mkavu: "Kabati la Faili binti Masjala, jana nimeiona roho yako inalia."

Na mimi, leso mkononi, nikageuka kulitazama kabati.