Nyasi Zilizokataa Kuoza

Sisi wa Kwihara hulima kwa matuta. Tunafukia nyasi ndani ya tuta, na mwaka unaofuata tunalipasua. Nyasi huwa zimeshageuka udongo mweusi, ndipo tunapanda mahindi. Msimu uliopita mvua ilinyesha kidogo mwanzoni, kisha ikakatika kabisa. Mume wangu alifariki katika ukame huo, tukamzika pembeni mwa shamba.

Mwaka huu nilipopasua tuta la kwanza nilikuta nyasi zilezile, kavu, za manjano, kama nimezifukia jana. Hapakuwa na mchwa wala nyungunyungu. Dada wa marehemu alizifikicha kiganjani.

"Wifi, ardhi imesusa chakula," alisema. "Isipokula, na sisi hatuli."

Alitaka nicheke, maana sijacheka tangu msibani. Nilitazama kaburi, nikaogopa jambo ambalo sikumwambia: udongo ulioshindwa kula nyasi huenda haujampokea na yeye.

Juzi mvua ilirudi. Wifi anasema tukapasue tuta jingine, tuone kama nyasi zimeanza kuoza. Nimechukua jembe. Nimemwambia tuanzie upande ulio mbali na kaburi.