Gari Nyekundu ya Papa Bahati

Wasomaji, diploma yangu ya ufundi wa magari ya shule ya jioni karibu ijifiche kwa haya. Asubuhi waasi walikuja garaji yangu kunyang'anya gari ya mbio ya Papa Bahati. Haraka nikachomoa waya moja ya buji, ile inayopeleka moto kwenye injini, nikaitia mfukoni. Injini ikakohoa, gari ikatetemeka kama iko na malaria, wakaiacha. Furaha ikanifuta kichwa chote.

Mchana Papa akaja mbio: binti yake anangoja gari impeleke kanisani kuolewa. Kuwasha, gari inatetemeka!

"Iko kardani, Papa," nikasema kiprofesa, nikionyesha chuma kirefu kinachozungusha magurudumu. Nikaishusha, nikairudisha, bado. Nikaapa sishindwi na chuma. Nikafungua magurudumu yote. Kengele za kanisa zikalia. Nikachomoa leso mfukoni nipanguse jasho, waya ikaanguka juu ya kiatu cha Papa.

"Enjenia," akauliza polepole, "na hii, iko ya kardani?"