Nyumba ya Bwawani Ilipogeuzwa Hoteli

Harufu ya chokaa mbichi hunisimamisha njiani hadi leo. Ilianza kuingia chumbani kwetu msimu mmoja wa mvua nikiwa mtoto, mafundi walipokuja kuigeuza nyumba kongwe ya mawe iliyo kando ya bwawa, nje kidogo ya mji wa Dodoma, iwe hoteli ya kifahari. Wakoloni waliijenga kwa mapumziko ya maofisa wao. Sisi tuliishi vyumba vya nyuma kwa kuwa baba aliendesha pampu ya maji. Tuliambiwa tu kwamba tutahamishwa. Lini, hakuna aliyejua. Mama aliacha kupanda mchicha, baba akawa anakula huku ametega sikio mlangoni, nami nilitoka shule mbio nikihofia kukuta vyombo vyetu vimetupwa nje. Aliyenitia hofu zaidi ni bibi, mama yake baba. Macho yake yalizimika zamani, lakini nyumba ile aliijua kwa viganja. Alipapasa kuta akatoka na kurudi bila kushikwa mkono. Sasa kuta zenyewe zilikuwa zinabomolewa. "Mnanipotezea njia," aliwaambia mafundi.

Siku lori la kutuhamisha lilipofika, bibi hakuonekana. Mama alikimbilia bwawani akawa anamwita mkwewe, "Mama! Mama!" Maji yalikuwa yamejaa, mekundu, kimya. Nilijua amezama. Nikakimbilia ndani nikilia, nikamkuta fundi akiupiga nyundo ukuta wa ukumbi wa mbele, na nyuma ya ukuta huo nikasikia kikohozi ninachokijua.

"Acha! Bibi yangu yuko huko!"

Tulizunguka, tukamkuta ameketi sakafuni, mweupe kwa vumbi, kiganja ukutani. Fundi aliweka nyundo chini, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mbona hukuitika?" baba akauliza, akiingia mbio.

"Mngeniondoa kabla sijamaliza kuiaga."

Tulihamia Makole, chumba cha kupanga. Huko bibi hakupiga tena hatua peke yake, na kabla ya mvua nyingine alitutoka.

Hivi karibuni nilialikwa harusi kwenye hoteli ile. Ni pazuri, siwezi kusema uongo. Dada wa mapokezi aliniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kufika. Nilipomwambia nimezaliwa hapo, alicheka kwa adabu, akidhani natania. Sasa ninaishi Msalato, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Hata hivyo, kila nikiona wapimaji wa ardhi barabarani, natoka nje kuwauliza wanapima nini.