Masikio ya Bibi

Bibi yangu mzaa mama alipenda kuongea nami akiwa juu ya kilima cha mchanga uliosagwa na mgodi, kwa sababu kule kwetu Chunya mtandao haukupatikana mahali pengine. Kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilikaa kitandani kwenye chumba chetu cha watu wanne Al Nahda, katika nchi ya Waarabu nilikofanya kazi, naye akanigeuzia simu niuone mji. Mji wenyewe ulikuwa umekufa zamani. Yeye aliuona mzima.

"Pale penye mahindi palikuwa ukumbi wa dansi. Pale kwenye mbuzi, duka la mikate. Na umeme tuliwasha sisi, hao ndugu zako wa mjini wakiwa bado na vibatari!"

Kisha dhahabu ikaisha, mashine zikang'olewa, watu wakahama na mabati yao. Bibi akabaki. Alisema hakuona sababu ya kumfuata mtu.

Mimi nilitaka jambo moja tu: avae hereni za dhahabu kabla hajafa. Hakukubali. Usichanani mwake alichambua mawe mgodini, na kila jioni walinzi waliwakagua wanawake kinywani, nyweleni, masikioni. Mwenye hereni alihesabiwa mwizi, hata kama aliolewa nazo. Basi wanawake wa mji ule wakaacha matundu yajizibe. Kampuni iliondoka, katazo likabaki. Jambo hilo liliniudhi kwelikweli.

Ijumaa moja mwaka 2016 nikaenda soko la dhahabu la Deira na Mkenya niliyeishi naye chumba kimoja. Tukampigia Bibi tukiwa ndani ya duka. Alitazama kuta zilizojaa mikufu, akauliza:

"Mke mwenzangu, ukitoka hapo wanakukagua masikio?"

"Hawakagui, Bibi. Halafu huku mlinzi ni mimi!"

Ni kweli, kazi yangu ilikuwa ulinzi, mlangoni pa jengo la maduka. Bibi alicheka hadi picha ikacheza. Mwenzangu akaninyang'anya simu.

"Shosho, huku hakuna mtu anakusachi. Wewe chagua tu, yalla, haya!"

"Nitafikiria," akasema Bibi, akashuka kilimani. Nilirudi nyumbani nimenuna, maana kwa Bibi "nitafikiria" ni hapana yenye adabu.

Ijumaa iliyofuata alipiga yeye. Simu aliisogeza karibu mno, sikuona kitu ila ngozi.

"Irudishe nyuma, Bibi."

Akairudisha. Masikio yote mawili yalikuwa yamevimba, yanang'aa mafuta, na katika kila tundu jipya kulikuwa na kipande cha uzi mweusi. Alikuwa ametobolewa kwa sindano ya kushonea na jirani yake, kikongwe mwenzake aliyechambua naye mawe. Nikacheka huku nalia.

"Usiniletee hereni ndogo," akasema. Kisha akamgeuzia simu jirani, ambaye naye alikuwa na uzi masikioni. "Na tuko wawili."