Michigan Iligeuka Nikisoma Skrini

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2004, nilifokewa kwa kosa la kusalimia watu. Nilikuwa nimefundisha Kiingereza sekondari kule Morogoro miaka mingi kabla ya kumfuata mume wangu Toronto, na sikujua kwamba kuna nchi ambako salamu ni utovu wa nidhamu. Tulikaa St. James Town, ghorofa ya kumi na tisa, na ofisi ilikuwa katikati ya jiji, mwendo wa miguu kama hakuna barafu. Ndani kulikuwa na safu za vibanda, kila kibanda na kompyuta yake na simu ya kuvaa kichwani. Nikampata kwenye simu mama mmoja wa Michigan, ng'ambo ya mpaka, nikamuuliza habari za jioni, habari za nyumbani, watoto hawajambo? Mama wa watu akafurahi, akaanza kunieleza maumivu ya goti. Msimamizi wa Zamu, bwana mmoja mrefu ambaye sikuwahi kumwona ameketi, akaja akanigonga begani.

"Hapa huongei," alisema. "Hapa unasoma. Kilichoandikwa kwenye skrini ndicho kitoke mdomoni."

Vijana wa jumuiya yetu huniuliza, bibi, mlikuwaje Kanada mkawapigia simu Wamarekani? Kwa sababu Michigan ni jirani tu hapo ng'ambo ya maziwa, na wenye magazeti na wanasiasa wao walikuwa wakiipa ofisi yetu kazi ya kura ya maoni, kuuliza watu watamchagua nani kabla ya uchaguzi. Kazi ile inaitwa udodosaji. Mdodosaji anapewa hojaji, yaani orodha ya maswali, na haruhusiwi kuongeza wala kupunguza neno. Kila jibu lina namba yake, na vyama vyao viwili vikubwa huitwa kwa rangi. Atakayempigia kura mgombea wa chama cha buluu ni moja, wa chama chekundu ni mbili, na anayesema hajaamua ni nane. Jina langu Zawadi walisema litawachanganya watu, nikabatizwa Linda, na nikaitwa Linda kwa miaka kumi na miwili bila kuulizwa kama napenda.

Baada ya miezi michache Msimamizi aligundua jambo ambalo hakulitaka: watu hawanikatii simu. Wenzangu walikuwa wakikatiwa kabla hawajamaliza kujitambulisha, mimi nikapita na salamu yangu moja ya wizi na mtu akabaki. Basi wakanihamishia kwenye jopo, kazi waliyoiona kubwa. Jopo ni watu walewale wanaopigiwa kila uchaguzi wa rais, ili ionekane nani amebadilika na nani hajabadilika. Majina yao hatukupewa, tulipewa namba. Ndipo nilipokutana na namba 417.

Huyu alikuwa mzee wa mji mdogo wa viwanda, mfanyakazi wa kiwanda cha magari. Mwaka ule wa kwanza alinijibu kwa neno moja: buluu, kama baba yake. Mwaka 2008 akasema buluu tena, na safari hii kwa furaha, akanisimulia jinsi mtaa mzima ulivyojaa mabango. Mwaka 2012 kiwanda kilikuwa kimefungwa. Akasema buluu, lakini shingo upande, kisha akaongeza, "Wanakuja kututembelea kila miaka minne, Linda. Kama ndugu wa mjini." Maneno hayo hayakuwa na namba. Nikayaandika kwenye kisanduku cha maelezo, sehemu ndogo chini ya skrini ambayo tuliambiwa ni ya mambo yasiyoingia kwenye hojaji. Niliandika sana kwenye kisanduku kile. Niliamini yuko mtu anayesoma.

Ikaja 2016. Nilipompigia mara ya kwanza, mwezi wa nane, namba 417 akasema, "Bado naangalia, Linda. Nitaona." Nikabonyeza nane, kwa sababu ndiyo sheria, lakini moyoni nilijua. Jamani, mimi ni Mluguru. Kwetu mgeni hakatazwi jambo usoni. Ukienda kuomba shamba, au mchumba, ukaambiwa "tutaona", chukua mwavuli wako uende, umeshakataliwa. Mzee yule alikuwa akinistahi. Asingeweza kumwambia Linda, aliyemuuliza habari za nyumbani kwa miaka kumi na miwili, kwamba amehama chama cha baba yake. Na hakuwa peke yake. Wiki ile nilisikia "nitaona" kutoka mji huu na ule, kutoka kwa watu walewale ambao miaka yote walinijibu buluu bila kupepesa.

Sasa sikilizeni upuuzi wenyewe. Ofisi ilikuwa na mtindo wa kuwagawa wale wa namba nane kufuata kura yao ya nyuma. Hajaamua? Mara iliyopita alikwenda wapi? Buluu? Basi mhesabu huko. Kwa hiyo kila aliyehama akaona haya kusema alihesabiwa kuwa bado yupo. Zamani hojaji ilikuwa na swali la kumbana mtu wa namba nane: kama ungepiga kura leo hii, ungemchagua nani? Mwaka ule swali hilo liliondolewa ili simu ziwe fupi.

Nikaenda kwa Msimamizi wa Zamu. Akaniambia niandike kwenye maelezo. Nikamwambia nimeandika mpaka vidole vinauma. Nikapanda kwa Mkurugenzi wa Utafiti, kijana msomi, mpole, mwenye grafu ukutani.

"Hawa watu wameondoka," nikamwambia. "Hawajaamua ni adabu tu. Rudisheni lile swali."

"Bibi, nakuheshimu," alisema, "lakini hisia si takwimu. Michigan imekuwa buluu tangu hujaja Kanada."

Nilirudi kibandani. Siku hiyo hiyo nikaanza kuwauliza watu lile swali kwa kichwa changu, skrini isipolitaja. Wa kwanza akawa namba mbili. Wa pili mbili. Wa tatu moja, wa nne mbili. Kwa mtu wa tano sikufika, kwa sababu aliyekuwa akisikiliza simu zetu kukagua ubora alikuwa Njeri, Mkenya wa Richmond Hill, dada mwema kabisa lakini mwenye kazi yake ya kulinda. Akaniita pembeni.

"Mama Zawadi, uko off script tena, unauliza yenye haiko kwa screen," alisema. "Hii ni barua ya onyo ya pili, na ni mimi nimeiandika, pole. Ya tatu wanakufuta kazi. Si umebakisha tu miezi mitatu u-retire? Soma screen, mama. Tafadhali. Hiyo siasa ni yao, si yetu."

"Njeri mwanangu, hawa wanasema kitu na hakuna anayesikia."

"Najua. Mimi ndiye huwa nasikiliza hizo calls, nimewaskia wote. But nani ameniuliza?"

Hapo ndipo ninapojilaumu, na siwafichi. Mume wangu alikuwa ameshaacha kazi kwa ajili ya mgongo, na bima ya dawa zake ilikuwa ya kazi yangu; ingeendelea nikistaafu, lakini si nikifukuzwa. Wiki moja kabla ya uchaguzi skrini ikanipa tena namba 417. Akaitika kwa uchovu. Nikasoma neno kwa neno, kama kasuku. Akasema, "Bado naangalia." Nikabonyeza nane. Kisha akauliza, "Huna swali jingine, Linda?"

Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nilimwona Njeri amevaa simu yake ya kichwani. Nikasema, "Hapana, mzee. Asante kwa muda wako."

Michigan ikageuka nyekundu, kwa kura chache sana, na ofisi yetu ilikuwa imetangaza kwamba haiwezi kugeuka. Mkurugenzi akaitisha mkutano, uso umemshuka, akatuuliza sisi wadodosaji, "Kwa nini hamkusema?" Nilisimama. Nikamwambia afungue maelezo yangu, ya uchaguzi huu na chaguzi tatu zilizotangulia, asome mwenyewe. Akamwita fundi wa kompyuta. Fundi akakuna kichwa, akasema kisanduku kile hakijawahi kuunganishwa na kitu chochote. Ukibonyeza kwenda simu inayofuata, kinajifuta. Kiliwekwa, alisema, kwa sababu wadodosaji walikuwa wakilalamika hawana mahali pa kuandika. Nimezaa, nimezika, nimevuka bahari, lakini sijawahi kukasirika kama asubuhi ile.

Nimestaafu sasa, naishi Malvern na wajukuu wanaonielewa Kiswahili na kunijibu Kiingereza. Mkiniuliza kama kazi ile ilikuwa nzuri, nasema ilikuwa nzuri kwa anayependa watu na mbaya kwa anayependa kusikilizwa. Wajuzi wanaendelea kubishana kwenye televisheni eti nini kiliwageuza watu wa Michigan, na mimi huzima, presha isinipande. Walikuwa wakigeuka polepole kwa miaka minane, kila mmoja kwa sauti yake, sikioni mwangu. Msimamizi simlaumu sana, wala yule kijana wa grafu. Waliziba masikio ndiyo, lakini wao hawakuulizwa na mtu kama wana swali jingine. Mimi niliulizwa.

Kinachonikaa kooni ni simu ya mwisho. Baada ya kila uchaguzi jopo hupigiwa kuhakikisha walivyopiga kura, na katika wiki yangu ya kuaga nikampata 417. Kabla sijasoma swali la kwanza, akanikatiza.

"Nilikusubiri uniulize, Linda. Ningekuambia wewe. Kwa nini hukuniuliza?"

Nikaacha kuangalia skrini. "Niliogopa kufukuzwa kazi, mzee," nikasema. "Nisamehe."

"Naijua hofu hiyo," alisema. Kisha akakata simu, taratibu, bila hasira.

Nilipaswa kumjazia kitu ndipo mashine iniruhusu kuendelea. Kwa kanuni zetu, mtu akikata simu kabla ya swali la kwanza huandikwa amekataa kuhojiwa. Nikabonyeza, na ndivyo alivyo mpaka leo katika kumbukumbu zao: namba 417, hakutaka kuzungumza.