Hard disk niliyoisugua kwa msasa, na jibu la Achieng ndani yake

Wakuu, salamu kutoka huku kwa baridi na chai. Hii stori ni yangu mwenyewe na sijaitia chumvi. Mkitaka kucheka, chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Mwisho mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa karani kwa ofisi ya shamba moja la chai, upande wa Kericho.

Computer zilikuwa mbili. External hard disk moja, nzito kama tofali, tulikuwa tunaipitisha meza hadi meza. Kazi yote ya ofisi ilikuwa humo, pamoja na rekodi za kliniki ya wafanyakazi.

Meza ya pili alikaa Achieng. Babake alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwa kiwanda, wakaishi hapo hapo kampi. Mimi ni Mkipsigis wa Kapsoit.

Manager hakutaka porojo ofisini, so tukaanza kuandikiana kwa disk. Naandika file, naipa jina la kuchosha, "mbolea", naye anaifungua disk ikifika kwake. Aki niliipenda hiyo "mbolea" kuliko mshahara.

Kisha babake akastaafu. Kwa shamba, ukistaafu unarudisha nyumba, na familia yote inafunga virago.

Ile wiki ya mwisho nikaandika: Achieng, nikuoe?

Ijumaa akaniambia, "Jibu liko ndani. Usome nikishaenda, naona haya."

Jumatatu disk ikagoma. Ililia kra kra kra, ikanyamaza.

Manager akasema majina ya wagonjwa yako humo, ifutwe kabisa halafu itupwe. Sasa unafuta aje kitu hakiwaki?

Mzee Rono, fundi wa kiwanda, akaniambia, "Kijana yangu, leta hapa." Tukaipitisha kwa ile sumaku ya kunasa vipande vya chuma kwa chai kabla haijapakiwa. Mara tatu. Nikajua basi, Achieng amefutika. Lakini kuitupa nilishindwa, nikaificha kwa drawer.

Baada ya miezi kama miwili akaja fundi wa computer kutoka Nairobi. Kusikia mambo ya sumaku, alicheka mpaka akashika meza. Ati hiyo haifanyi kitu, vyote bado viko, na kuna watu Nairobi wanaweza kuvitoa.

Wakuu, moyo uliruka! Siku tatu nilitembea na hiyo disk kwa begi.

Shida ni moja. Mwenye kutoa "mbolea" atatoa na kliniki. Enzi hizo jina lako likitajwa na ule ugonjwa, kampi yote inakuhepa, hata kanisani hakuna wa kuketi karibu nawe. Na hayo majina ni ya watu walionisalimia kila asubuhi.

Nikarudi workshop. Nikafungua screw, nikatoa zile sahani za ndani, nikazisugua kwa msasa mpaka zikapoteza mng'aro wote. Nililia, siwadanganyi. Mzee Rono akajifanya anatafuta spana.

Mtaniuliza, si ungemwandikia tu? Ningeweza, anwani ya kwao nilikuwa nayo. Ni uoga, na kiburi kidogo. Nilijiambia kama ni ndiyo, atanitafuta.

Mwaka uliofuata nilimpeleka mama hospitali Kapkatet, nikakutana kwa foleni na dada mdogo wa Achieng, aliyekuwa amerudi huku kusoma. Aliniangalia vibaya sana.

"Kumbe uko mzima?" akasema. "Achieng alingoja barua yako mpaka Pasaka. Saa hii ameolewa."

Nikamnunulia soda, akakataa.

Wakuu, disk ikikufa si ati iko tupu. Kama ina siri za watu, iharibu kwa mkono wako, wachana na sumaku. Na kama kuna mtu unamtaka, muulize ana kwa ana na usimame hapo usikie akijibu.

Nani hapa ameshawahi kuharibu kitu alichokuwa anakililia? Nipeni stori zenu hapo chini, hata mkinitusi nitasoma.

Ila msinifariji ati labda angekataa. Mtu wa kukataa hangoji mpaka Pasaka.