Jiwe Kutoka Lupingu

Shemeji yangu alipanda milima kutoka Lupingu, kule ziwani, hadi kwenye kiwanda changu cha uhunzi Makambako, akiwa na jiwe ndani ya kikapu. "Kamwene, shemeji," alisema, akanipa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuficha ndani ya koti, akasingizia baridi. Mimi ni mtu wa kushuku tangu utoto, na kwa salamu ile nilichukia kabisa.

"Nataka nanga ya mashua," alisema. "Uzito wake usizidi jiwe hili."

Nililinyanyua. Halikufikia uzito wa debe la mahindi. Nikamwuliza urefu wa mashua, akaupima uani kwa hatua: kumi na moja. Mashua ya tanga ya ukubwa ule, na dada yangu, mkewe, ndani yake, ishikwe na kijichuma cha namna hii?

"Chuma kipo," nilimwambia. "Nina springi za lori la Serikali lililofia barabarani."

"Nanga haishiki kwa uzito mtupu, shemeji. Inajichimbia chini kama jembe. Wewe nitengenezee makucha mapana, maana kwetu chini ni mchanga. Kamba nitairefusha mwenyewe."

Maneno matamu, na maneno matamu ndiyo hunitia wasiwasi. Nikajisemea, huyu ni mvivu. Hataki kutoka jasho, na siku upepo ukishuka kutoka milimani atakayezama ni dada yangu. Nikamwambia aende Njombe kuwasalimu wazee, arudi Jumamosi. Alipoondoka nikafua nanga yenye uzito maradufu.

Aliporudi aliitazama muda mrefu.

"Kuna tatizo?"

"Hapana. Asante, shemeji."

Akatafuta wapagazi wawili wa kuibeba. Jiwe lake akaondoka nalo pia, na hilo likanizidishia shaka.

Baada ya mavuno niliteremka Lupingu kuhakikisha. Nilichokiona kwanza uani ni nanga yangu, imefungiwa mbuzi. Nikashuka ufukweni nikiwa nimefura kwa hasira. Mashua ilikuwa inajiandaa kuondoka. Kule mbele, dada yangu alikuwa akivuta kamba peke yake, mkono kwa mkono, hadi jiwe lile likatoka majini. Mumewe alikuwa nyuma, ameshika usukani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu.

Waliponiona walirudi ufukweni.

"Kamba ya tanga ilimkata," dada aliniambia. "Hakutaka mjue huko kwetu. Tulijaribu mawe mengi, kaka, mpaka tukapata ninaloweza kulivuta. Ile yako ilinishinda kuivuta siku ya upepo, tukachelewa kuondoka. Mashua ikagonga mwamba, nami nikaugua mgongo wiki mbili."

Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama. Niliomba jiwe, nikalitia kikapuni ili nikafue nanga upya kwa uzito wake. Wakati wa kuagana shemeji alisita kidogo, kisha akaninyooshea mkono wa kulia. Niliupokea kwa mikono yangu yote miwili.